Weupe wa Nembo na Weupe wa Karatasi

Ramadhani inapokaribia, kuta za Chake Chake, hapa Pemba, hujaa ratiba za kufuturia. Utazikuta misikitini, madukani, kwenye vioo vya gari za abiria, na majumbani nyuma ya mlango. Watu wengi huanza kusoma juu, kwenye tarehe na saa za Magharibi. Mimi huanza chini, kwenye safu ya nembo za wadhamini, kwa sababu hapo ndipo kazi ya fundi inapojieleza. Ratiba nyingi ni za kijani. Nembo moja itakuwa imekaa vizuri juu ya kijani hicho. Ya pembeni yake imekuja na kiboksi chake cheupe. Ya tatu imeondolewa kiboksi, lakini kila herufi imebaki na uzi mweupe ukingoni. Ya nne imeondolewa kiboksi pamoja na sehemu ya nembo yenyewe, na kijani kinaonekana ndani ya picha mahali ambapo hakikutakiwa. Wote hao wametoa fedha zao kwa nia njema, na kila mmoja alistahili kutoka vizuri.

Kazi yangu ni ya kuchapa: kadi za harusi, vyeti vya madrasa, mabango ya mikutano, lebo za asali na sabuni za mwani, fulana za timu. Ombi linalonijia kuliko yote ni hili: "Nitolee bakgraundi." Mtu anatuma picha ya nembo kwa simu, anakaa kwenye benchi, na anatarajia kuondoka nayo hapo hapo. Naandika haya kwa ajili yake, hasa vile vikundi vidogo vyenye nembo moja na fedha kidogo, ajue kinachofanyika pale anapotoa ombi hilo. Naandika pia kwa vijana wanaoanza kazi hii kwenye steshenari zetu. Kubofya ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni kuamua weupe upi ni wa karatasi na upi ni wa nembo, na uamuzi huo hakuna programu inayoweza kuufanya kwa niaba ya mtu anayeijua nembo.

Kwanza hicho kiboksi kimetoka wapi? Faili la picha, liwe la nembo au la mtoto wako, ni mstatili. Kwenye kompyuta nembo ya duara ni mstatili ambao pembe zake nne hazionekani. Sasa, faili la JPEG, aina ya kawaida ya faili za picha, haliwezi kuwa na pembe zisizoonekana. Fomati hiyo, iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1992, haina mahali pa kuandika kwamba pikseli fulani, yaani kitone kimoja cha rangi kati ya vile vinavyounda picha, haipo. Kila pikseli lazima iwe na rangi, kwa hiyo pembe hujazwa, aghalabu kwa nyeupe. Juu ya karatasi nyeupe mwenye nembo haoni tatizo lolote, hadi siku anapotaka kuiweka juu ya kitambaa cha buluu.

JPEG ina jambo jingine linalotutesa zaidi kuliko hilo. Ilitengenezwa kwa ajili ya picha za kamera. Huigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, kisha ndani ya kila kipande hutupa mabadiliko madogo ambayo jicho haliyashiki. Kwenye picha ya bahari hutaona kilichotupwa. Kwenye nembo yenye herufi nyeusi juu ya nyeupe, ukingo wa herufi unapita katikati ya kipande, na hesabu ile huacha vumbi pande zote mbili. Ikuze picha uone: weupe unaoizunguka herufi si weupe mtupu. Kwa kipimo cha kompyuta, ambapo 0 ni nyeusi na 255 ni nyeupe kabisa, hapa ni 255, pale 251, karibu na wino 243. Na nembo nyingi za vikundi vyetu zimeshapita makundi ya WhatsApp, zikapigwa skrinshoti, zikatumwa tena. Kila mara zimebanwa upya, na kila mara vumbi limeongezeka.

Fomati ya kufanyia kazi hii ni PNG. Mwishoni mwa 1994 kampuni ya Unisys ilijitokeza kudai malipo kwa njia ya kubana data iliyokuwa ikitumika ndani ya faili za GIF, na mafundi wa intaneti wakaanza mara moja kubuni fomati iliyo huru. Oktoba 1996 PNG ikapitishwa na W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti. GIF nayo ilikuwa na uwazi, lakini pikseli iliweza kuwepo au kutokuwepo tu. PNG ilichukua chaneli ya alfa, wazo la Ed Catmull na Alvy Ray Smith waliokuwa wakifanya kazi New York miaka ya 1970: kila pikseli, pamoja na nyekundu, kijani na buluu, ina namba ya nne kuanzia 0 hadi 255. Ikiwa 0 haionekani kabisa, ikiwa 255 imeziba kabisa, ikiwa 128 imeziba nusu.

Hiyo nusu ndiyo yenye thamani kwetu. Chukua herufi ya buluu iliyokoza juu ya nyeupe, uikuze. Hutakuta mahali buluu ilipokatika na nyeupe ikaanza. Katikati yake kuna pikseli moja au mbili za rangi ya kati, zilizowekwa ili mstari wa mshazari usionekane na ngazi. Tuseme buluu ni 0, 0, 128 na nyeupe ni 255, 255, 255. Pikseli ya ukingoni iliyogawana nusu kwa nusu itakuwa kama 128, 128, 192, buluu iliyopauka. Juu ya karatasi nyeupe hakuna anayeiona. Futa weupe wote uiache hiyo, kisha iweke nembo juu ya kijani: pikseli zote zilizopauka zinajitokeza kwa pamoja, na huo ndio ule uzi mweupe wa kwenye ratiba. Ukizifuta nazo, uzi unaondoka lakini herufi inabaki na meno. Inavyotakiwa, pikseli ile iwe buluu kamili, 0, 0, 128, yenye alfa ya nusu. Ikikaa juu ya kijani, itachanganyika na kijani. Ikikaa juu ya nyekundu, itachanganyika na nyekundu, na ukingo utakuwa laini popote.

Mimi natumia GIMP, programu ya kuhariri picha. Ni ya bure, ilitoka kwa umma mwaka 1996 ikiwa kazi ya wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, na Machi 2025 ilifikia toleo la 3.0. Photoshop inafanya yote haya na zaidi, lakini ina malipo ya kila mwezi, na duka dogo la kisiwani halina sababu ya kulipa kila mwezi kwa kazi ambayo programu ya bure inaiweza. Ndani ya GIMP kuna amri iitwayo Color to Alpha. Unaiambia rangi ya kuondoa ni nyeupe, nayo inapitia kila pikseli, inahesabu weupe uliomo ni kiasi gani, inautoa, na inaiacha rangi halisi pamoja na alfa yake. Mkono wa mtu hauwezi kulitoa tui kwenye wali ulioiva. Hesabu inaweza kuutoa weupe kwenye buluu. Pikseli yetu ya 128, 128, 192 inarudi kuwa 0, 0, 128 yenye alfa ya nusu, sawasawa.

Wengi wakishaijua amri hiyo huitumia kwenye picha nzima, na hapo ndipo nembo zetu za Pemba zinapoumia.

Angalia nembo yenye kikonyo cha karafuu, maana huku kila cha pili kina karafuu. Mchoraji mzuri hapaki rangi ya kahawia ya karafuu kavu pekee. Anaweka vichwa vibichi vya waridi hafifu vinavyokaribia kuchumwa, pengine na majani mapya yenye kijani chepesi. Waridi hafifu, tuseme 240, 180, 170, ndani yake mna weupe mwingi. Color to Alpha ikipita juu yake itauhesabu weupe huo na kuutoa, na kichwa cha karafuu kitabaki na theluthi moja tu ya uzito wake. Kwenye skrini yenye miraba ya kijivu, ile inayoonyesha uwazi, hutagundua haraka. Kiweke juu ya bango la kijani, karafuu inageuka tope. Nyekundu kali na nyeusi hazitaguswa, kwa sababu ndani yake hamna weupe wa kutoa. Zinazoibiwa ni rangi hafifu, na rangi hafifu ndizo zilizompa mchoraji kazi.

Kwa hiyo ninafanya hivi. Kabla ya yote naongeza chaneli ya alfa kwenye leya, yaani tabaka, ya nembo, kisha chini yake naweka leya nyingine ya rangi kali, nyekundu au zambarau, rangi ambayo haimo ndani ya nembo. Miraba ya kijivu huficha uchafu. Nyekundu haifichi kitu. Halafu nabonyeza herufi U kupata kijiti cha kuteua, nabofya weupe wa nje, nikiwa nimeiacha tofauti ya rangi kwenye 15 au karibu na hapo, ili kijiti kichukue na lile vumbi la 251 bila kuvamia wino. Nikishika Shift naongeza na weupe wa ndani ya herufi, matundu ya O, A, D na mengineyo, mradi ni weupe wa karatasi. Kisha naupanua uteuzi kwa pikseli mbili ili uingie juu ya ule ukingo uliochanganyika. Baada ya hapo ndipo naita Color to Alpha, ifanye kazi ndani ya uteuzi peke yake. Weupe wa nje unaondoka, ukingo unahesabiwa vizuri, na karafuu iliyo katikati haiguswi. Ukiona ukungu mwepesi umebaki, ni lile vumbi la 243, na amri hiyo hiyo ina kipimo cha kuisogezea rangi zilizo karibu na nyeupe zihesabiwe kuwa nyeupe. Isogeze kidogo kidogo huku ukitazama leya nyekundu.

Nembo ya madrasa inataka uangalifu wa namna yake, na hapa naomba vijana wanisikilize vizuri.

Alikuja Maalim mmoja kuchapisha vyeti vya mahafali ya chuo chake. Nembo aliyokuja nayo ilikuwa na msahafu uliofunguliwa na juu yake neno iqra, na ilikuwa imeshatolewa bakgraundi mahali pengine. Nikaifungua, nikaikuza kwenye skrini. Maalim akasogea, akaweka kidole chake karibu na kioo bila kukigusa.

"Mwanangu, hii qafu mbona ina nukta moja?"

"Sijaigusa, Maalim. Ndivyo ilivyokuja."

"Basi hii ni fe. Hapa hapasomeki iqra tena. Na watoto wote mia na kitu watakwenda nalo nyumbani, wazee wao walitundike ukutani?"

Tukaomba picha ya zamani, iliyopigwa kutoka kwenye ubao wa mlangoni pa chuo. Nukta zilikuwa mbili, zimekaa karibu karibu, na kila moja ilikuwa na upana wa pikseli chache tu. Aliyesafisha alipandisha kipimo cha tofauti ya rangi ili vumbi liondoke haraka, na nukta moja, iliyokuwa imepauka kwa kubanwa na JPEG, ikaondoka pamoja na vumbi. Kwa aliyesoma chuoni, na huku kwetu nani hakusoma chuoni, kosa hilo linaonekana kutoka upande wa pili wa ukumbi. Be, te na the zinatofautishwa na nukta. Jimu, he na khe vilevile. Ukifuta nukta umeandika neno jingine, au umeandika kisicho neno.

Kwa nembo yenye maandishi ya Kiarabu nahesabu nukta kwenye picha ya asili kabla sijagusa kitu, naandika idadi pembeni, na nahesabu tena mwisho. Hamza nayo naihesabu. Halafu naangalia matundu: wawu, mimu, fe na qafu zina vitundu vidogo ambavyo kijiti cha kuteua hakivifikii kutoka nje, na visipobofywa kimoja kimoja vitabaki na weupe ndani, na neno juu ya kijani litaonekana lina madoadoa. Mahali penye shaka situmii kufuta kabisa. Natumia barakoa ya leya, ambayo hufunika pikseli bila kuiharibu: ukipaka nyeusi inafichika, ukipaka nyeupe inarudi. Nukta iliyofichwa kwa bahati mbaya hurudishwa, ila iliyofutwa na faili likahifadhiwa haina pa kurudi. Na kama nembo ina aya ndani yake, namuuliza mwenyewe kabla ya kuichapa kwenye kitu kitakachotupwa, mfuko au lebo ya sabuni. Wengi hushukuru kwa kuulizwa, na baadhi hubadilisha mawazo pale pale.

Weupe ulio mgumu kuliko wote ni wa tanga. Fikiria nembo ya kikundi cha wavuvi: mashua, mawimbi ya buluu chini, na tanga limechorwa kwa mstari mwembamba mweusi. Ndani ya tanga ni nyeupe ile ile ya karatasi, 255, 255, 255, hakuna tofauti hata chembe. Kompyuta haina njia ya kujua kwamba weupe wa kushoto wa mstari ni tanga na wa kulia si kitu. Ukiteua kwa rangi, tanga linaondoka. Ukiteua kwa kijiti, tanga linasalimika ikiwa mstari umefunga pande zote. Ukiwa na upenyo wa pikseli moja pale tanga linapokutana na mlingoti, uteuzi unavuja kupitia hapo na kulimeza lote. Nimeona mabango ambayo mashua inasafiri ikiwa na tanga la kijani kwa sababu bango lilikuwa la kijani. Kwa nembo ya namna hiyo naacha kijiti, nachukua kalamu ya njia, ile ya herufi B, nauzunguka mchoro wote kwa mkono nikiweka nukta za kona na mikunjo, kisha naigeuza njia kuwa uteuzi. Inachukua muda. Lakini kabla ya kuanza lazima nimuulize mtu: tanga ni jeupe, au halikupakwa rangi? Yapo majibu yote mawili. Kuna kikundi kitakwambia tanga letu ni jeupe siku zote, na kuna kingine kitasema mchoraji aliliacha tu, likionyesha kilicho nyuma ni vizuri zaidi. Swali hilo huulizwa kwa mdomo, kwa mwenye nembo.

Ndiyo maana nina wasiwasi na vitoa bakgraundi vya kubofya mara moja. Tovuti ya remove.bg ilianza mwaka 2018, Canva ina kitufe chake kwa wanaolipia, na simu nyingi mpya zinafanya kazi hiyo ukishikilia picha kwa kidole. Kwa picha ya bibi harusi mbele ya pazia vinafanya ajabu, na nywele zinatoka moja moja. Mifumo hiyo imefundishwa kwa mapicha mengi ya watu, wanyama na bidhaa, ikajifunza kutafuta kitu kilichosimama mbele ya kingine. Nembo haina mbele wala nyuma. Mfumo utaliona duara la katikati kuwa ndicho kitu, na yale maandishi membamba yanayozunguka duara, jina la kikundi na kijiji chao, utayahesabu kuwa bakgraundi. Pengine utayala nusu: jina la kijiji litabaki, neno ushirika litaondoka. Mteja akiwa na haraka haoni, na mimi nikiwa na haraka sioni, mpaka bango limeshafungwa barabarani.

Fulana zina sheria yao, na inapingana na niliyosema kuhusu ukingo laini. Kwenye uchapaji wa filamu unaoitwa DTF, mashine huweka rangi kwenye filamu na kuiwekea wino mweupe nyuma yake, halafu yote hubanwa kwenye kitambaa kwa joto. Pikseli yenye alfa ya nusu inapata rangi nusu lakini wino mweupe unaisukuma ionekane, na juu ya fulana nyeusi nembo inatoka na unga mweupe ukingoni. Hapo nataka ukingo mkali. Naitengeneza nembo kubwa, kwa kipimo cha doti 300 kwa inchi kwa ukubwa ule ule itakaochapwa (ukurasa wa A4 kwa kipimo hicho ni pikseli 2480 kwa 3508), kisha natumia amri ya Threshold Alpha, ambayo inaamua kila pikseli iwepo au isiwepo. Kwa ukubwa huo meno hayaonekani kwa jicho. Timu inayotaka fulana za Januari 12 na bango la siku hiyo hiyo inahitaji mafaili mawili tofauti, na nawaambia mapema.

Kuna ombi moja linalofanana na haya ambalo silifanyi. Mtu huleta barua yenye muhuri wa sheha, au saini ya mkurugenzi, akataka muhuri utolewe karatasi ubaki peke yake ili "nitumie tena". Kiufundi ni kazi nyepesi, wino wa zambarau juu ya nyeupe. Muhuri si wake, na ukishakuwa PNG yenye uwazi utabandikwa juu ya barua ambayo sheha hakuiona. Namrudishia karatasi yake. Muhuri wa chama chenyewe, akija mwenyekiti na katibu kwa pamoja, hilo ni jambo jingine, na hata hapo nawashauri wapige muhuri kwa mkono.

Mara nyingi, baada ya kuikuza nembo na kuona hali yake, namwambia mteja tuache kuisafisha tuichore upya. Nembo ya rangi mbili tatu, duara, maandishi, mwani na mkono unaoushika, huchorwa kwa Inkscape, programu nyingine ya bure iliyoanza 2003, na mchoro wake huhifadhiwa kama SVG. Hapo hakuna pikseli, kuna mistari na mikunjo iliyoandikwa kwa hesabu, kwa hiyo inakubali kuwa lebo ya kikopo au bango la mita sita bila kupoteza chochote, na bakgraundi haikuwepo tangu mwanzo. Inkscape ina amri ya kufuata mchoro yenyewe, lakini ikipewa JPEG chafu huufuata na uchafu, kila punje ya vumbi inakuwa kiumbo chake. Naitumia kama msaada wa kuona mistari, kisha nachora juu yake.

Kina mama wa ushirika mmoja wa mwani walipata SVG yao kwa njia hiyo. Walikuja na picha ya kibao kilichopakwa rangi, kimepigwa na jua, kona moja imeingia tawi la mkungu. Walitaka lebo ya sabuni kwenye karatasi ya kaki. Kiongozi wao aliichukua lebo ya majaribio, ile ya kwanza niliyoitoa kwenye picha ile ile ili waone tofauti, akaisogeza karibu na macho.

"Hiki kiraka cheupe kitaondoka?"

"Kitaondoka, Bi. Hii nimewaonyesha tu ilivyo sasa."

"Na huu mkono usiufanye mweupe. Sisi hatuna mikono myeupe."

Kwenye kibao mkono haukuwa umepakwa rangi. Aliyechora aliuacha na rangi ya ubao. Kitufe chochote kingeutoa au kuuacha mweupe. Tulichagua rangi ya mkono pale pale, yeye akiwa amekaa pembeni yangu akisema iongeze, ipunguze, hapo hapo. Rangi ile sasa ni sehemu ya nembo yao.

Jambo hili lina uzito hata kisheria. Zanzibar ina daftari lake la alama za biashara, linashughulikiwa na BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali wa Zanzibar, mbali na BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara. Kikundi kikitaka kusajili nembo yake, picha inayowasilishwa ndiyo itakayokaa kwenye kumbukumbu. Mashua iliyosajiliwa bila tanga, au qafu yenye nukta moja, itakuwa ndiyo nembo rasmi, na kurekebisha baadaye ni maombi mapya na malipo mapya. Kwa hiyo usajili ukitajwa naomba siku ya ziada, nembo ichapwe juu ya nyeupe, juu ya nyeusi na juu ya kijani, na wanachama waitazame wote, si katibu peke yake.

Makabidhiano ndiyo yanayoharibu kazi nyingi njema. Unatengeneza PNG safi, unaituma WhatsApp kama picha, na kule inakofika imeshageuzwa kuwa JPEG: uwazi umekwenda na kiboksi kimerudi. Mteja anadhani hukufanya kazi. Nenda kwenye alama ya kuambatisha, chagua kutuma kama hati, faili litafika kama lilivyo. Baadhi ya maduka huwa hayampi mteja faili kabisa, yanabaki nalo ili arudi kwao kila akitaka kuchapa. Silikubali hilo. Kikundi kimelipa, nembo ni yao, na duka likifungwa au kompyuta ikiharibika wao ndio watakaoanza tena na picha ya kibao. Nawapa SVG, PNG kubwa yenye uwazi, PNG ya pili yenye maandishi meupe kwa ajili ya vitambaa vyeusi, na moja yenye ukingo mkali kwa fulana. Kila faili nalipa jina linalosema ni la nini, maana atakayelifungua mwakani pengine si huyu aliyekaa mbele yangu leo. Vyote natuma kwenye barua pepe ya kikundi, na kama hawana tunaifungua pale dukani kwa jina la kikundi. Sitaki vikae kwenye simu ya katibu pekee, kwa sababu makatibu hubadilika kila uchaguzi, na simu huondoka nao.